Kabati la Majina

Msabaha Mwinyijuma alikaa kwenye dirisha la posta ya Bagamoyo miaka kumi na minane, na katika miaka yote hiyo hakutokea mtu wa kusema barua yake ilimfikia ikiwa imefunguliwa. Ni sifa ndogo. Haimpandishi mtu cheo wala haimpi marafiki. Lakini ndiyo iliyomleta Daktari Mahfoudh mbele ya dirisha lile siku moja ya mwaka 1971, akiwa hana barua ya kutuma.

"Bwana Msabaha," alisema, "natafuta mtu anayeweza kushika kitu bila kukitazama."

"Barua?"

"Majina."

Daktari Mahfoudh, mtu wa Pangani, mrefu, asiyependa kuharakisha maneno, alikuwa mkuu wa kituo kidogo cha kuchunguza maradhi kilichokuwa njia ya kwendea Kaole. Wauguzi wake walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba, toka Mkange hadi Fukayosi, na mitaa ya Bagamoyo yenyewe, wakiwapima watu ukoma. Kila aliyepimwa aliahidiwa jambo moja: jina lako litawekwa mbali na maradhi yako, na hakuna jirani atakayeyaona pamoja. Bila ahadi hiyo nusu ya watu wangekimbilia porini wanapowaona wauguzi wanakuja. Sasa wafadhili wa ng'ambo walikuwa wameleta kompyuta ya kuzichambua habari zote zile, na daktari alitaka mtu wa kuilinda ahadi yake.

Msabaha aliacha posta. Watu walimshangaa, kwani alikuwa mtu wa miaka arobaini na minane, na mtu wa umri huo habadilishi kazi ovyo.

Kompyuta ilikuwa na kimo cha kabati la nguo, usoni ina safu za taa ndogo nyekundu, ubavuni imeunganishwa na taipureta kubwa iliyojipiga yenyewe. Haikujua lolote mpaka ilishwe utepe wa karatasi uliotobolewa matundu madogo madogo. Kila programu ilikuwa na utepe wake, umekunjwa ndani ya kopo la bati, na makopo yote yakafungiwa katika kabati la chuma. Programu moja ilihesabu wagonjwa wa kila kijiji. Nyingine ililinganisha dawa. Na ya mwisho, ambayo kopo lake lilipakwa rangi nyekundu, iliyakutanisha majina na namba, ikasema fulani bin fulani ana nini.

Ufunguo wa kabati lile akapewa Msabaha, pamoja na daftari. Kushoto mwa ukurasa yaliandikwa majina ya wafanyakazi, juu yake zikaandikwa programu, na mahali pa kukutania paliwekwa alama kwa mwenye ruhusa, patupu kwa asiye nayo. Ruhusa ilifuata kazi ya mtu, si ukubwa wake. Mhasibu wa kituo, aliyekuwa na ofisi ya pazia, hakuwa na alama hata moja. Mwanamke wa kupanga dawa alikuwa nazo mbili. Muuguzi akihamishwa, mstari wake ulikatwa siku ileile, hata kabla chai ya kumuaga haijapoa. Kopo jekundu lilikuwa na watu wawili tu, Daktari Mahfoudh na muuguzi mkuu.

"Na mimi?" Msabaha aliuliza siku ya kwanza.

"Wewe huna hata moja," daktari akamjibu. "Mwenye kutoa ruhusa asiwe nayo. Akiwa nayo, ni nani atamzuia?"

Msabaha aliona ni haki, akaandika jina lake mwenyewe chini kabisa ya ukurasa, na mbele yake akaacha patupu.

Kazi hiyo haikumletea marafiki. Palikuwa na fundi mmoja, Majid, kijana mcheshi aliyetoka Dar es Salaam kuja kuitunza mashine. Huyu alikesha wiki tatu akitoboa utepe wake mwenyewe, programu ya kuifundisha kompyuta kucheza bao. Kituo kizima kilikuwa kinaingojea. Siku aliyoileta, Msabaha alifungua daftari, akatafuta juu ya ukurasa, akafunga.

"Haimo, Majid."

"Bwana Msabaha, ni bao tu! Haili majina ya watu."

"Najua. Lakini haimo. Kamwombe daktari aiandike."

Daktari alikuwa safarini Tanga kwa mwezi mzima. Majid aliukunja utepe wake, akatoka, na tangu siku hiyo wakamwita Msabaha "Bwana Haimo". Hakuna aliyemtukana. Walikunywa chai yao upande wa jikoni, na akiingia, mazungumzo yakageuka kuwa habari za mvua. Baada ya muda akaacha kuingia. Alikula mihogo yake ndani ya chumba cha mashine, madirisha yamefungwa kuzuia chumvi ya baharini, feni zinavuma, akisikiliza taipureta ikimwandikia mtu mwingine.

Nyumbani nako kulikuwa kimya. Mkewe, Zeyana, alikuwa wa jamaa za Kiarabu za pale mjini, na wazee wake walipoamua kurudi Maskati naye alikwenda kuwasindikiza, kwa miezi mitatu, alisema. Alileta barua miaka miwili. Ya mwisho iliomba talaka kwa maneno mazuri kabisa, na Msabaha akaituma talaka hiyo kwa mkono wake mwenyewe, kupitia dirisha lake mwenyewe la posta. Watoto hawakujaaliwa. Katika nyumba ya marehemu baba yake ya vyumba vitano alitumia kimoja. Aliyebaki wa kumtia moyo ni dada yake mkubwa, Kibibi, aliyeolewa mtaa wa pili na Bwanausi, mfanyabiashara wa mbao. Kibibi alikuja kila Ijumaa, akafagia, akamsema kwa ukonde wake, wakacheka mambo ya utotoni.

Mwaka 1973 ikaja posa ya Sihaba, binti wa Kibibi. Mposaji alikuwa Mikidadi, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole, ila asili yake Fukayosi. Kwa Bwanausi hiyo peke yake ilikuwa doa. Watu wa mjini na watu wa mashamba, alisema, hawalali mkeka mmoja. Hakupata sababu ya kukataa mpaka mtu mmoja sokoni alipomnong'oneza kwamba mama yake kijana, Mwanajuma, vidole vyake havikunjuki sawasawa.

Alasiri ile ile Bwanausi alibisha hodi kwa shemeji yake.

"Shemeji, mimi na wewe tumekula chungu kimoja," alianza. "Sikuombi mali. Wewe unakaa na kabati la majina. Chungulia tu. Mwanajuma wa Fukayosi. Ana, hana."

"Siwezi, shemeji."

"Ufunguo si uko mfukoni mwako?"

"Ufunguo uko mfukoni. Ruhusa sina."

Bwanausi akacheka, kama mtu anayechekea utani usiochekesha. "Huyu ni mpwa wako, Msabaha. Damu yako. Unataka aingie kwenye nyumba ya maradhi?"

"Sijasema kuna maradhi."

"Sema basi hakuna!"

Msabaha alinyamaza. Alikuwa amelifikiria neno hilo miaka miwili, peke yake katika chumba cha mashine, akalijua mpaka mwisho wake. Siku atakapomwambia mtu mmoja "hakuna", wa pili atakayekuja na kukuta kimya atajua kuna. Kwa hiyo hata neno jema hakuwa nalo la kutoa.

Bwanausi alimtazama akiwa amenyamaza hivyo, na uso wake ukabadilika polepole. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema. "Ahsante, shemeji. Umeshaniambia."

"Sikukwambia kitu! Bwanausi, mimi sijui. Sijapata kutazama."

"Umeshaniambia."

Kesho yake posa ikarudishwa. Baada ya wiki moja Bagamoyo nzima ilijua kwamba Mwanajuma wa Fukayosi ni mkoma, na aliyethibitisha ni karani wa kituo mwenyewe, hakutamka lakini alithibitisha. Lisemwalo lipo, walisema. Wazazi wawili waliwatoa watoto wao katika darasa la Mwalimu Mikidadi.

Mikidadi alimngojea Msabaha nje ya lango la kituo, baiskeli mkononi.

"Shikamoo, Bwana Msabaha."

"Marahaba, mwalimu."

"Nakuomba mstari mmoja tu. Andika kwamba hukusema lolote juu ya mama yangu."

Msabaha alichukua kalamu akaandika papo hapo, akiegemeza karatasi kwenye tandiko la baiskeli: *Mimi Msabaha Mwinyijuma sijasema wala sijui lolote juu ya mtu yeyote.* Mikidadi aliisoma, akaisoma tena.

"Hii haisemi kwamba hana."

"Haisemi."

"Basi itanifaa nini?" Akaikunja, akaitia mfukoni kwa adabu, akapanda baiskeli yake. Hakuaga.

Ijumaa ile Kibibi hakuja. Wala iliyofuata. Ndipo Msabaha alipojua kwamba mtu anaweza kukaa katika mji aliozaliwa, akajua jina la kila mlango, na asiwe na mlango wa kubisha. Msikitini walimpa mkono baada ya sala, kwani mkono wa sala haunyimwi. Nje ya msikiti waliondoka wawili wawili. Alianza kujisemesha akipika. Siku moja alijikuta ametenga vikombe viwili vya kahawa, akakaa akavitazama vyote viwili mpaka vikapoa.

Aliyemjia alikuwa Sihaba. Alikuja mchana kweupe, amejitanda kanga, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo." Akaivuta kanga yake. "Mjomba, watu wote wanauliza umeona nini. Mimi nataka kukuuliza jingine. Umepata kutazama?"

"Sijapata."

"Hata siku moja? Hata ulipokuwa peke yako?"

"Hata siku moja."

"Basi wewe hujui kama mimi nisivyojua." Alivuta pumzi kama aliyetua mtungi. "Na mwenyewe je? Mtu akitaka kujua lake mwenyewe?"

Msabaha alimtazama binti yule. Katika kituo kizima hapakuwa na aliyeuliza hivyo. "Lake mwenyewe hanyimwi," alisema. "Aje kwa miguu yake, daktari ataendesha mashine mbele yake, atapewa karatasi. Yeye tu, si mwanawe."

Sihaba alimpelekea Mikidadi maneno hayo, na Mikidadi akayapeleka kwao. Siku kumi baadaye mwanamke mnene wa makamo, mwenye kaniki safi, alishuka kwenye lori la Fukayosi akauliza njia ya kituo. Msabaha alipomwona mlangoni alijua ni nani kabla hajajitaja.

"Nimekuja kuchukua jina langu," Mwanajuma alisema.

Daktari Mahfoudh akaitwa. Msabaha alifungua kabati, akamkabidhi kopo jekundu, daktari akatia sahihi katika daftari, saa na tarehe. Kisha Msabaha akatoka nje, akauegemea ukuta, akiisikia taipureta ikigonga. Iligonga mara chache tu. Mwanajuma alitoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, na usoni mwake hapakusomeka kitu.

"Sasa nionyeshe nyumba ya Bwanausi. Mji wenu siujui."

Msabaha alitaka kumwelekeza kwa kidole tu. Lakini jua lilikuwa kali, na mama yule alikuwa mgeni, akaona aibu. Walikwenda pamoja, akitangulia hatua mbili, na watu barazani wakakatiza mazungumzo yao kuwatazama.

Bwanausi alikuwa amekaa barazani kwake na majirani wawili. Mwanajuma alitoa salamu zote kwa utaratibu wake, ya asubuhi, ya nyumba, ya watoto, akapewa mkeka, akakaa. Ndipo akaiweka karatasi katikati.

"Nimesikia nyumba hii inataka kuujua mwili wangu," alisema. "Huu hapa, umeandikwa. Mimi sijui kusoma, utanisomea wewe, Bwana Bwanausi, hawa majirani wasikie. Ila wauguzi walipita na mtaa huu pia. Ukimaliza kusoma yangu, nenda kachukue ya kwako na ya watu wa nyumbani mwako, uje nayo hapahapa, tuzisome zote. Hapo ndipo tutajua nani amuoe nani."

Bwanausi alinyoosha mkono, ukasimama juu ya karatasi. Majirani walianza kutazama barabarani.

Ndani, nyuma ya pazia la mlango, sauti ya Kibibi ikasema, "Baba Sihaba. Mrudishie mama karatasi yake."

Msabaha aliishi na sauti ile toka alipozaliwa. Aliijua ikicheka, aliijua ikigomba, aliijua ikilia msibani kwa baba yao. Hivi ilivyotoka siku hiyo, imejaa hofu, hakupata kuisikia. Bwanausi naye aliisikia. Akageuka kuutazama mlango, akakaa akiutazama, kisha akaichukua karatasi kwa mikono miwili, bila kuikunjua, akamrudishia mwenyewe.

"Niwie radhi, mama," alisema.

Mwanajuma aliagwa kwa heshima. Lakini Bwanausi alipomkuta Msabaha bado amesimama mbele ya baraza, hasira yote aliyoimeza ikapata pa kutokea. "Wewe ndiye uliyemleta kunivua nguo mbele za watu," alimwambia. "Usikanyage hapa tena."

Kesho yake adhuhuri, kituo kikiwa kimekwenda kula, Msabaha alibaki na mashine. Sauti ya dada yake haikuwa imemtoka kichwani. Alikuwa amemwona Majid na daktari wakiilisha mashine ile mara mia. Alijua utepe unaingizwa wapi, alijua swichi gani ibonyezwe. Miaka miwili hakuwa na jina la kutafuta, ndiyo maana haikuwa kazi ngumu kutotazama. Sasa alikuwa nalo. Alifungua kabati, akalitoa kopo jekundu, akakifungua kifuniko chake. Utepe ulikuwa mwepesi mno, kama ganda la kitunguu. Alikaa nalo mapajani muda asioweza kuukadiria.

Daktari aliporudi alikuta daftari limefunguliwa mezani. Chini kabisa ya ukurasa, katika mstari wenye jina la Msabaha, pameandikwa kwa mwandiko wake safi: *Kopo jekundu. Nilitoa, nilifungua. Sikuendesha.*

Daktari alisoma, akavua miwani. "Kuna mtu unayetaka kumjua?"

"Yupo."

"Ni wa damu yako?"

Msabaha alimsogezea daftari.

"Naweza kukuandikia ruhusa, Bwana Msabaha. Kwa siku moja. Umeitumikia kazi hii vya kutosha."

"Usiniandikie," Msabaha alisema haraka, kama mtu anayeondoa mkono wake kwenye moto. "Tafadhali, daktari. Tia sahihi tu hapo, kwamba umeona."

Daktari akatia sahihi.

Sihaba na Mikidadi walioana baada ya mfungo. Harusi ilipigiwa ngoma siku tatu, na Msabaha aliisikiliza yote akiwa chumbani mwake. Upande wa bibi harusi haukumwalika kwa sababu ya Bwanausi. Upande wa bwana harusi haukumwalika kwa sababu ya kile kimya chake kilichomtangaza mama yao. Hakuwalaumu. Sihaba alimletea kitambaa kilichofukizwa ubani na maneno ya heri, akahamia na mumewe shule ya mbali karibu na Chalinze, na baada ya hapo zikabaki salamu za kuletwa na madereva wa malori.

Kompyuta ilikufa mwaka 1976. Chumvi iliingia hata palipofungwa, na kipuri kilichotakiwa hakikupatikana nchini, na kwa amri ya serikali hakikuruhusiwa kuagizwa. Kituo kikaambiwa kifungwe, wagonjwa wahamishiwe hospitali nyingine na kadi zao wenyewe mikononi. Majina ya kopo jekundu hayakuwa na pa kwenda. Daktari Mahfoudh na Msabaha waliyachoma wenyewe nyuma ya jengo, katika pipa, asubuhi moja ya upepo. Utepe uliwaka upesi. Msabaha aligeuza majivu kwa mti mpaka hapakuwa na tundu lililobaki, akarudisha ufunguo, akatia sahihi ya kurudisha.

Alikuwa amekaa nyumbani siku ya nne, hana kazi, hajui mikono aiweke wapi, aliposikia hodi. Alikuwa Kibibi. Miaka mitatu walikuwa wakipishana njiani tu, Kibibi akiwa na wenzake, wakisalimiana kwa kichwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Hakukaa. Alikwenda dirishani, akarudi. "Nimesikia mmechoma."

"Tumechoma."

"Yote?"

"Yote, dada."

"Na wewe hukusoma."

"Sikusoma."

"Siku ile, baada ya yule mama kuja? Nilijua utataka kusoma. Nilingoja uje kwangu na uso wa kujua. Niliamka kila siku nikingoja." Akashika mgongo wa kiti. "Hukuja."

"Sikuwa na la kuja nalo."

Kibibi alikaa kitini sasa, akalegeza buibui lake mabegani. Msabaha aliona anataka kusema, akaona pia inavyomgharimu, akanyanyua mkono. "Dada, si lazima."

"Najua si lazima," Kibibi alisema. "Ndiyo maana nakwambia."

Akamwambia. Alisema muda mrefu, na Msabaha alisikiliza bila kumkatiza. Aliyoyasikia hakumsimulia mtu, na kwa hiyo hayajulikani. Kilichojulikana na majirani ni kwamba Kibibi alitoka nyumba ile karibu na magharibi, macho mekundu, akipita njia ya nyuma ili mumewe asijue alikotoka. Alirudi mara moja moja, mara mbili kwa mwaka, au tatu, kila Bwanausi alipokwenda kununua mbao. Siku nyingine zote, miaka tisa iliyosalia ya maisha yake, Msabaha aliamka peke yake, akafungua madirisha ya vyumba vitano vitupu ili nyumba isishike ukungu, na jioni akayafunga.